Walimu wa Juni

Juni inapoingia Mwanza, masika yamekwisha. Asubuhi watoto wanavaa masweta kwa ajili ya upepo wa ziwani, mchana jua linakausha dagaa upesi, na kwenye barabara za kutoka Magu na Kwimba malori ya pamba yanaanza kupishana. Shule zinafunga kwa likizo ya katikati ya mwaka. Na kwa sababu zisizohusiana na pamba wala na ratiba ya Wizara ya Elimu, mavolontia nao wanaanza kushuka uwanja wa ndege. Huko kwao vyuo vimefungwa, na kijana wa miaka ishirini mwenye wiki sita mkononi ameamua kuzitumia kufundisha Kiingereza kandokando ya Ziwa Victoria.

Ratiba hiyo peke yake inaeleza mengi. Anayefika wiki ya kwanza ya Juni hukuta madarasa matupu. Wanaobakizwa shuleni ni wa darasa la saba na kidato cha nne, wenye mtihani mbele yao. Wengine wako shambani, wako mwaloni wakianika dagaa, au wamepelekwa kwa bibi Sengerema. Mwalimu mkuu hawezi kumrudisha mgeni aliyesafiri siku mbili. Anatuma watoto wa jirani waitwe, anatafuta ufunguo wa darasa moja, na programu inaanza.

Desturi hii ni ya zamani kuliko intaneti na kuliko mashirika yanayoitangaza leo. Mwaka 1958 mchungaji James Robinson, Mmarekani mweusi aliyekuwa na kanisa Harlem, New York, alianzisha Operation Crossroads Africa. Aliwachukua wanafunzi wa vyuo, weusi kwa weupe, akawaleta Afrika katika likizo yao wafanye kazi ya mikono bega kwa bega na wenyeji. Kabla ya hapo mgeni aliyekuja kufundisha alikuja kwa miaka. Mmisionari alikuja akijua huenda atazikwa huku, na mtumishi wa serikali ya kikoloni alikuja na mkataba wake. Robinson ndiye aliyeonyesha kwamba mtu anaweza kuja Juni akaondoka Agosti na safari hiyo ikahesabika kuwa huduma. Mwaka huohuo, Uingereza, Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha shirika la kujitolea la VSO, na waliowatuma mwanzoni walikuwa vijana waliotoka sekondari juzijuzi, hawajaingia hata chuo. Rais Kennedy wa Marekani alipoianzisha Peace Corps, mpango wa serikali yake wa kujitolea, Machi 1961, alikuwa na mifano ya kuigwa.

Kundi la kwanza la Peace Corps kuja Tanganyika, mwaka huo wa 1961, halikuwa la walimu. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia waliokuja kusaidia kazi ya barabara. Walimu walifuata baadaye, tena wengi. Lakini mwaka huohuo wanafunzi wa Harvard na Radcliffe, kupitia jumuiya yao ya kujitolea iitwayo Phillips Brooks House, walianzisha mradi waliouita kwa jina la Tanganyika na wakawatuma wenzao kuja kufundisha. Msomaji aliweke akilini jina la jumuiya hiyo, maana tutakutana nalo tena ng'ambo ya ziwa. Wakati wao wanakuja, wetu walikuwa wanaondoka. Septemba 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga humuhumu ziwani, alikuwa amewapandisha ndege ya kwanza wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani.

Jambo lililoamua sura ya programu zote hizi, hata hivyo, halikufanyika Marekani. Lilifanyika Makerere, mwendo mfupi tu kutoka Port Bell, bandari ambayo meli za kutoka Mwanza zilikuwa zikitia nanga. Januari 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana pale kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Hoja zao zilikuwa za kazi: nchi zinapata uhuru, walimu hawatoshi, nani afundishe na afundishe vipi. Miaka 31 baadaye Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism, aliichambua kazi ya mkutano ule akaona imesimama juu ya imani tano. Kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu. Kwamba mwalimu bora ni aliyezaliwa nacho. Kwamba kinavyoanzwa mapema ndivyo bora, na kinavyopewa saa nyingi ndivyo matokeo yatakavyopanda. Na kwamba lugha nyingine zikiruhusiwa darasani, Kiingereza kitashuka. Phillipson alizihukumu zote tano kuwa potofu.

Mtu anaweza kubishana naye. Mimi mwenyewe naona ile ya kuanza mapema na ile ya saa nyingi si upotofu mtupu. Inategemea aliyeshika chaki ni nani. Lakini ile ya pili, ya mwalimu bora kuwa mwenye lugha yake, ndiyo iliyowakatia tiketi mavolontia wote waliofuata. Bila hiyo hakuna anayeweza kueleza kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia, ambaye kwao hajawahi kufundisha hata mdogo wake, akifika Nyamagana akabidhiwe darasa la watoto tisini.

Katika miaka ya 1960 imani hiyo haikutuumiza sana, kwa sababu waliokuja walikaa. Ulikuwapo mpango ulioitwa Teachers for East Africa, uliosimamiwa na Teachers College ya Columbia, New York. Walioajiriwa kwa mpango huo walipelekwa Afrika Mashariki kwa miaka, si kwa majuma, na wengi wao walipitia kwanza Makerere kunolewa ualimu. Sekondari za Mwanza za wakati ule, kama Bwiru na Nsumba, zilizoea walimu wa kigeni, mapadre na wasio mapadre. Wanafunzi wenyewe walikuwa wachache mno, waliochujwa kila hatua hadi wakabaki wenye vichwa, na mwishoni walifanya mtihani wa Cambridge. Ukiwa na darasa la vijana thelathini wa namna hiyo, wanaolala bwenini na kusikia Kiingereza tangu alfajiri hadi taa zinapozimwa, karibu mwalimu yeyote ataonekana hodari. Sifa nyingi za wazee wetu kwa walimu wale Wazungu ni za haki. Wanachosahau kutaja ni zile taa na lile bweni.

Kisha siasa ikageuka. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha na baada yake Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Peace Corps iliondoka nchini 1969, ikarudi miaka kumi baadaye. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma, mji uleule ambako Nyerere alianza shule, pale Mwisenge, mwaka 1934, na ikaamua kwamba kila mtoto aingie darasa la kwanza ifikapo 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha. Hao ndio walimu wa UPE, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote. Ni rahisi kuwacheka leo, lakini ndio waliobeba nchi, na kwa kipindi kirefu hapakuwa na Mzungu wa Juni wa kuwasaidia.

Hapohapo Musoma, Makoko, mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walikuwa na shule ya lugha iliyofanya kazi kinyume na yote niliyoyaeleza hadi sasa. Wanafunzi wake walikuwa wageni na somo lilikuwa Kiswahili. Padre, sista, daktari au mfanyakazi wa kujitolea aliyetumwa kanda ya ziwa alikaa darasani kwa miezi akikosolewa ngeli na mwalimu wa Kitanzania kabla ya kuachiwa kwenda parokiani au hospitali. Sijui kwa nini historia za kujitolea haziitaji shule hii zaidi. Ilikuwa imekubali jambo ambalo mkutano wa Makerere haukuliona: anayekuja kufundisha watu ana kazi ya kuwasikiliza kwanza, na ili awasikilize lazima alipe gharama ya kujifunza.

Miaka ya 1980 ilifunua hali. Tume ya Makweta, mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kama lugha ya kufundishia. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba wengi wa sekondari hawakiwezi kiasi cha kufuata masomo. Uingereza ikaleta mradi wa vitabu vyepesi vya kusoma na mafunzo kwa walimu. Kiingereza kikabaki pale kilipo: mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, na Januari moja anaingia kidato cha kwanza anakuta baiolojia, jiografia na hesabu zimebadilika lugha. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelisema kwa miaka mingi: kufundisha Kiingereza vizuri ni jambo moja, kufundishia kwa Kiingereza ni jambo lingine, na nchi inayachanganya.

Kwa Usukuma na visiwani pengo ni pana zaidi ya linavyoonekana Dar es Salaam. Mtoto wa Kisesa anaingia darasa la kwanza na Kisukuma chake. Wa Ukerewe anakuja na Kikerewe au Kijita. Kiswahili ndicho anachokutana nacho shuleni. Kiingereza ni lugha ya tatu. Vipimo vya Uwezo, vilivyofanywa na Twaweza majumbani kuanzia 2010, vilionyesha kwamba nchini ni takriban mtoto mmoja kati ya kumi wa darasa la tatu aliyeweza kusoma hadithi fupi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili, na karibu nusu ya darasa la saba walimaliza bila kuiweza. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, kabla hayajapangwa upya, takriban watahiniwa sita kati ya kumi walikuwa na daraja sifuri.

Turudi kwa Phillips Brooks House. Katikati ya miaka ya 1980 kijana wa Harvard aitwaye Michael Kremer alikuja kufundisha mwaka mmoja katika sekondari ya kijijini magharibi ya Kenya. Aliporudi, mwaka 1986, yeye na wenzake walianzisha WorldTeach kupitia jumuiya ileile ya wanafunzi, na nchi yao ya kwanza ya kupeleka walimu ilikuwa Kenya. WorldTeach ilikua ikapeleka vijana sehemu nyingi za dunia kwa mwaka mzima, na baadaye pia kwa programu za miezi ya likizo. Mtu mwingine angeishia hapo, awe mkurugenzi wa shirika hadi uzeeni. Kremer aliingia uchumi na akarudi magharibi ya Kenya na swali: tunachowapa watoto hawa kinawasaidia kweli?

Yeye na wenzake walifanya kazi Busia, wakati huo wilaya, inayogusa ziwa, na jirani yake Teso. Katikati ya miaka ya 1990 walichukua shule mia moja, wakapiga kura, na zilizobahatika wakazipa vitabu rasmi vya kiada. Kila mtu alitarajia maksi zipande. Hazikupanda, isipokuwa kwa watoto waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Sababu waliyoieleza ni ileile ya Kisesa na Ukerewe: vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza ni lugha ya tatu. Wengi hawakuweza hata kuvisoma. Mwanzilishi wa shirika la kupeleka walimu wa Kiingereza Afrika ndiye aliyeleta ushahidi kwamba mtoto wa kawaida wa kando ya ziwa hajafikiwa na Kiingereza anachopewa.

Utafiti mwingine, alioufanya na Esther Duflo na Pascaline Dupas kuanzia 2005, unagusa hoja yangu zaidi. Shule 140 za magharibi ya Kenya zilipewa fedha ili kamati za wazazi ziajiri mwalimu mmoja wa ziada, kijana wa hapohapo mwenye mafunzo ya ualimu asiye na ajira ya serikali. Alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Watoto waliofundishwa naye walifanya vizuri kuliko waliofundishwa na walimu wenye ajira ya kudumu, kwanza kwa sababu moja isiyo na fumbo lolote: alikuwa anaingia darasani. Mwaka 2019 Kremer, Duflo na Abhijit Banerjee walipewa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi kwa kazi za aina hii. Haki inataka niongeze kwamba mpango wa namna hiyo ulipojaribiwa Kenya nzima, chini ya serikali matunda yale hayakuonekana. Chini ya shirika lisilo la kiserikali yalionekana. Mwalimu kijana asiyelipwa kwa wakati na asiyesimamiwa huchoka kama mwingine yeyote.

Huku kwetu, miaka ya 1990 na 2000 ndiyo iliyojaza Mwanza mashirika. Shule binafsi za inglishi midiamu ziliruhusiwa na kuongezeka, na zile za serikali watu wakazipachika jina la Mtakatifu Kayumba. Mzazi wa Kayumba asiye na ada ya inglishi midiamu alimwona mvolontia kama inglishi midiamu iliyomfuata nyumbani bure. Urafiki wa miji nao ulileta watu: Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni miji rafiki tangu 1966, na Tampere ya Finland tangu 1988. Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani ilianzisha weltwärts, mpango unaogharimia vijana wake kujitolea nje, wengi kwa mwaka mzima. Pembeni yake yakaja makampuni ambayo kijana huyalipa ili apangiwe mahali pa kujitolea kwa wiki mbili, tatu, nne, na Serengeti ikiwa ndani ya bei au nje yake.

Hapo likatokea jambo ambalo wataalamu wa Makerere hawakulifikiria. Wengi wa walimu wetu wa Kiingereza wa Juni hawakuzaliwa na Kiingereza. Ni Wajerumani, Waholanzi, Wadenishi, Wafini. Walikisoma shuleni, kwa daftari na mtihani, kama sisi. Mwanza hakuna aliyejali, kwa kuwa Mzungu ni Mzungu. Kwa maoni yangu hao ndio waliokuwa bora. Binti wa Kijerumani aliyewahi kuhangaika na nyakati za vitenzi vya Kiingereza anaweza kukueleza mahali unapojikwaa. Kijana wa Manchester hujua tu kwamba umekosea.

Nimekaa nyuma ya madarasa hayo zaidi ya mara moja. Moja lilikuwa upande wa Igoma, mchana, bati linatoa joto, watoto wanne kwenye dawati la watatu. Mgeni, binti mchangamfu mwenye kadi za rangi alizozichora mwenyewe, alimaliza kueleza, akaona nyuso zimepoa. Akauliza kwa Kiingereza kama hawajaelewa. Darasa zima likajibu kwa pamoja, kwa sauti ya kukubali. Akafurahi, akaendelea mbele. Kumbe watoto walikuwa wamemjibu kwa mantiki ya Kiswahili: ukiulizwa hujaelewa, na kweli hujaelewa, unasema ndiyo. Walikuwa wanakiri kwamba wamepotea. Mwalimu kijana wa Kitanzania aliyeegemea dirishani aliingia, akasema maneno mawili matatu kwa Kiswahili, akachora ubaoni vichwa viwili, kimoja cha mama na kimoja cha baba, kwa sababu kosa lililokuwa linawasumbua lilikuwa lile la kila siku: lugha zetu hazimtofautishi mwanamke na mwanaume kwa kiwakilishi, basi katika sentensi zao mama alikuwa anageuka baba kila mstari wa pili. Kwa dakika tano darasa likafunguka. Kisha akarudi dirishani, kwa adabu, akamwachia mgeni kipindi chake.

Yule kijana naye anaitwa mwalimu wa kujitolea. Ana digrii ya ualimu. Hana ajira; amejiandikisha kwenye mfumo wa maombi, anasubiri serikali itangaze nafasi, na kwa sasa anafundisha kwa posho inayotokana na michango ya wazazi, mwezi inapopatikana. Shule za kanda hii zina wengi kama yeye, na suala lao limefika bungeni zaidi ya mara moja. Kwenye picha za mashirika hawaonekani. Ofisi moja ya walimu inaweza kuwa na wawili wa kujitolea: mmoja amelipa fedha nyingi ili aje, mwingine halipwi kitu ili asiondoke.

Tatizo la mgeni si moyo. Ni kwamba kila Juni inaanza upya. Anayekuja haambiwi wa mwaka jana aliishia wapi, na anayerudi kwao haachi daftari la maana. Hivyo salamu, rangi na viungo vya mwili hufundishwa na kila anayekuja, kwa wimbo na kwa makofi, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuwa amefundishwa rangi na mataifa matatu asijue bado kuuliza swali kwa wakati uliopita.

Programu ya likizo ya Kiingereza inayofanya kazi Mwanza ipo, nayo haina Mzungu. Inaitwa prifomu wani. Darasa la saba wanamaliza mtihani wao Septemba, mtihani ambao kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa ya kuchagua herufi na kuitia weusi, na hawaingii kidato cha kwanza hadi Januari. Hiyo miezi mitatu na ushee ndiyo daraja lenyewe. Nyakato, Buhongwa, Mkolani, Kirumba, utaona mabango ya mkono yamefungwa kwenye nguzo za umeme, namba ya simu na masomo: Kiingereza, hesabu, baiolojia, fizikia, kemia. Darasa ni chumba cha duka ambalo halijapangishwa, ukumbi wa kanisa, banda la nyuma ya nyumba. Mwalimu ni aliyemaliza kidato cha sita anayesubiri chuo, au mhitimu asiye na ajira. Watu waliwahi kuwacheka vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya mwezi mmoja na kupelekwa kwenye shule za kata mwaka 2006, wakawaita walimu wa vodafasta, kwa kasi ileile ya kuongeza salio. Walimu wa prifomu wani hawajapata hata huo mwezi. Lakini wana kitu kimoja kinachowapita wageni wote: miaka michache tu iliyopita walivuka mto huohuo, na wanakumbuka maji yalikuwa na kina wapi.

Kufundisha kwao kungewatia simanzi wajumbe wa Makerere. Neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, mfano, utani, tena Kiingereza. Msamiati wanaoutafuta si wa rangi. Ni ule ambao mtoto atakutana nao wiki ya pili ya Januari: fafanua, linganisha, chora mchoro na utaje sehemu zake. Huwafundisha kusoma swali la mtihani kabla hawajajua kuagiza chai kwa Kiingereza. Unaweza kulalamika kwamba hiyo si lugha bali ni karata ya kujikinga, na mimi nalalamika pia, hasa kwa watoto ambao wazazi wao hawana hata ada hiyo ndogo. Lakini mtoto wa prifomu wani mwezi Februari anajua mwalimu wa baiolojia anataka nini.

Programu za wageni zimebadilika, na si kwa hiari tu. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni ilibana mianya, na anayekuja kujitolea kwa viza ya utalii sasa anajua anacheza na Uhamiaji. Anayekaa anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C. Usalama wa watoto umeanza kuulizwa: nani huyu, ameidhinishwa na nani, kwa nini anapiga picha. Mwaka 2013 weltwärts ilifungua mlango wa upande wa pili, ili vijana wa nchi kama yetu nao waende kujitolea Ujerumani. Uingereza, kupitia mpango wake wa International Citizen Service, iliwaweka vijana wake wawiliwawili na Watanzania wa umri wao, kazi moja, nyumba moja. Kisha Machi 2020, korona ilipoingia, Peace Corps iliwaondoa watu wake dunia nzima, shule zetu zikafungwa tarehe 17 mwezi huohuo, na zilipofunguliwa Juni mwishoni hapakuwa na mgeni wa kushika chaki. Prifomu wani za mwaka ule ziliendelea kama kawaida.

Mtaala mpya, uliotoka na toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, umerudisha Kiingereza hadi darasa la kwanza kama somo. Imani ya tatu ya Makerere, basi, imekuwa sheria Misungwi na Ukara. Wa kuitekeleza ni walimu wa darasa la kwanza, ambao wengi wao Kiingereza chao walikipata kwenye mfumo uleule uliopimwa na Criper na Dodd.

Mgeni wa Juni bado ana nafasi yake kwenye mpango huo, ila si ile aliyozoea. Angepewa saa ya alasiri ya kusoma hadithi na kuzungumza, watoto wakishafundishwa asubuhi na yule kijana wa dirishani. Angekaa kwanza na mwalimu wa Kiswahili, hata kwa majuma mawili, ajue darasa linaposema ndiyo linakubali nini. Angeacha daftari. Na posho ya mwenzake wa Kitanzania ingetoka kwenye ada aliyolipa yeye kwa shirika, kwa mwaka mzima na si kwa wiki alizokaa. Hilo la fedha ndilo gumu kulitamka mbele ya wageni, lakini ndilo mwalimu mkuu anaweza kuliuliza mapema, kabla hajapiga muhuri barua ya mwaliko: katika alicholipa kijana huyu, shuleni kwangu kinafika kiasi gani, na kinamfikia nani.